Maji Tuliyoyapitisha Kabazi

Siku mliyoniaga kazini mkanipa blanketi na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijaanza kuyasahau. Nimekaa hapa nyumbani mtaani Bondeni wiki tatu nikitafuta pa kuanzia. Ya vyeo sitayagusa, kwa sababu vilikuwa viwili tu na cha pili nilipewa mwaka wa mwisho. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema habari za mifupa na za mita na za watu walionifundisha, halafu nitasema ya Kabazi, ambayo wengi wenu mmeyasikia nusunusu wakati wa chai.

Siku ya kwanza niliingia kwa lango la nyuma, maana sikujua kama kuna la mbele. Nilikuwa na cheti changu cha maabara ndani ya bahasha na viatu vyeupe nilivyonunuliwa na dada yangu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni lundo la mifupa ya ng'ombe lililonizidi urefu, na juu yake korongo wawili wakubwa wamesimama kama walinzi. Nilijiziba pua kwa bahasha kwa sababu ya harufu. Kando ya tanuri alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, anakunywa chai bila wasiwasi wowote.

"Mzee, samahani, nimepotea," nilimwambia. "Natafuta mahali wanasafisha maji."

"Ni hapa."

"Na hii mifupa?"

"Ndiyo inasafisha."

Nilidhani ananichezea. Huyo alikuwa Mzee Barasa, fundi wa tanuri. Baba yake alitoka Magharibi kuja kutia makaa kwenye injini za reli hapa Nakuru, na yeye alirithi jicho la moto. Hakujua kemia hata kidogo, na sijapata kukutana na mtu aliyeijua kumshinda.

Alinieleza mambo ambayo chuo hakikunieleza. Maji ya chini ya ardhi huku kwetu Bonde la Ufa hupita katikati ya mawe ya volkano, na mawe hayo huyatia madini ya floraidi. Ikiwa kidogo, hulinda meno. Ikizidi, huyatia madoa meupe au rangi ya kahawia mtoto akiwa bado mdogo, kabla hata hayajatoka kwenye ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Sasa mifupa ya ng'ombe, ukiichoma vizuri bila kuipa hewa nyingi, hugeuka makaa meusi yenye vitundu visivyoonekana, na makaa hayo huishika floraidi maji yanapopita.

Nilipitisha ulimi juu ya meno yangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na maisha yangu yote nilicheka nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja. Bibi yangu aliyetoka Pwani alikufa na meno meupe kama maziwa. Sisi wajukuu tuliozaliwa Bondeni tulikuwa na meno kama chai. Nyumbani tulilaumu miwa. Mama aliwahi kulaumu upepo wa bara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuutazama mtungi.

Mzee Barasa alinifundisha kuvunja kipande cha mfupa uliotoka tanurini na kutazama ndani. Ukiwa wa kahawia, haujaiva, na maji yatanuka. Ukiwa mweupe umeungua kupita kiasi, hautashika kitu. Unatakiwa kuwa mweusi mpaka katikati. Baadaye tulinunuliwa kipimajoto cha tanuri, kikakubaliana naye karibu kila siku, na siku ambazo hawakukubaliana ni kipimajoto kilichopelekwa kutengenezwa.

Baba yangu hakuridhika na maji ya mifupa. Aliuliza ng'ombe hao wamechinjwa na nani, na kama hakuna mifupa ya nguruwe humo. Nilimpelekea Mzee Barasa swali lile nikiona haya. Jumamosi iliyofuata alivaa koti, akaja kwa miguu hadi kwetu, akamwambia baba kwamba mifupa yote hutoka kichinjio kimoja, kwamba anaichambua kwa mikono yake, na kwamba ya nguruwe haijawahi kupita lango. Baba alimtazama muda mrefu, kisha akaagiza bilauri ya maji yaliyochujwa niliyoyaleta kutoka kazini, akanywa. Mzee Barasa naye alipewa pilau, na tangu hapo kila Idi alikuja bila kualikwa.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: kabla ya kuyapima maji, yaonje, yashike, muulize anayeyapikia. Mita ya kupimia floraidi, alisema, inajibu swali uliloiuliza tu.

Miaka ya mwanzo tulizunguka sana. Nakumbuka nyumba moja nje ya Gilgil, mama wa miaka thelathini na kidogo aliyetupokea akiwa ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Nilingoja anyanyuke anisalimie. Hakunyanyuka. Mgongo ulikuwa umekauka hivyo, na majirani walikuwa wamekubaliana kwamba amerogwa na wifi yake. Wifi huyo alikuwa ameshahama kwa aibu. Tulipima kisima chao na niliposoma mita nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala, kwa sababu sikutaka anione uso. Hatukuweza kumnyoosha. Tuliweza tu kuwapa watoto wake maji mengine, na kumwandikia wifi barua.

Sasa nije kwa Kabazi. Ni miaka saba imepita.

Mzee Barasa alikuwa ameshastaafu na kuhamia Elburgon kwa binti yake. Makaa ya mifupa yalikuwa na shida zake: yalichoka upesi, ilibidi kuyabadilisha mara kwa mara, na kichinjio kilianza kuuzia mifupa watengenezaji wa chakula cha kuku. Ndipo akaja Daktari Chebet. Alikuwa kijana, mkemia kutoka chuo, msichana wa kimya mwenye kalamu nne mfukoni. Alileta punje nyeupe alizozitengeneza mwenyewe, ndogo kama dengu, zenye uso mpana ajabu kwa ndani. Kijiko kimoja cha punje zile, alisema, kina nafasi ya ndani kama uwanja wa mpira. Maabara tulizijaribu wiki baada ya wiki. Zilishika floraidi nyingi zaidi kuliko makaa yetu, na hesabu ikaonyesha kwamba chujio moja la shule lingedumu miaka miwili.

Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Meneja alifurahi pia, kwa njia yake: alisema kama zinadumu miaka miwili, hakuna haja ya kwenda kupima kila mwezi, tuwe tunaenda mara moja kwa muhula. Karatasi ya mpango huo ililetwa mezani kwangu. Niliitia sahihi.

Shule tuliyoichagua ilikuwa ya msingi, huko Kabazi, mlimani upande wa Subukia. Ilikuwa na kisima kirefu cha pampu ambacho maji yake yalitumika kuosha na kumwagilia tu, kwa sababu floraidi ilizidi. Tulifunga mapipa mawili ya punje mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa. Tulipima, maji yakatoka safi kabisa. Nikasimama mbele ya wazazi na walimu nikahutubia. Wakati wa chakula wanawake waliopika waliniambia wanayapenda sana maji ya kisima kile, kwa sababu maharagwe huiva haraka na sabuni haiishi mkononi. Nilicheka nao. Nikaosha mikono, nikaona kweli sabuni inateleza tu. Nikapanda gari, nikaenda zangu.

Nilirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu, wiki moja kabla ya kufunga shule. Nilijaza chupa yangu mferejini, nikaweka mita juu ya boneti la gari, nikaichovya. Nilipoona namba nilidhani betri zimeisha. Nikabadilisha betri. Nikaisahihisha mita kwa maji ya kipimo ninayotembea nayo, ikakaa sawa. Nikapima tena, namba ile ile. Nikaenda hadi kwenye pampu, nikachota maji ambayo hayajapita popote, nikayapima. Yaliyotoka ndani ya chujio na yaliyotoka ardhini yalikuwa karibu kitu kimoja.

Nilirudi mferejini. Nilijaza chupa ya tatu nikaona maji yanamwagikia viatu vyangu na sikuweza kukumbuka jinsi ya kufunga mfereji.

Kitu kimoja kilinishika nikasimama wima: watoto hawa walikuwa wanakunywa nini zamani, kabla hatujaja? Nilimwendea mwalimu mkuu, mtu mpole wa Kabazi kwao.

"Mwalimu, mlikuwa mnakunywa maji ya wapi kabla ya chujio?"

"Ya mvua, madam. Tulikuwa na tenki kubwa pale nyuma ya darasa la nasari."

"Liko wapi?"

"Tulilihamishia kwa ng'ombe wa shule." Alitabasamu. "Si mlituletea hii? Hatuna haja na ya mabati tena."

Maji ya mvua hayana floraidi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikifikiria huku mwalimu akitabasamu. Tulikuta watoto wanakunywa maji yasiyo na dhara lolote, tukawaondolea, tukawapa yale ambayo hapo awali walikuwa na akili ya kuyaogopa.

Nilipogeuka niliona foleni. Akina mama sita au saba walikuwa na mitungi kwenye mfereji wetu. Sikuwa nimefikiria kwamba kijiji nacho huchota. Wa mbele alikuwa mama mmoja kijana aliyembeba mtoto mgongoni, wa miezi minane hivi, anatafuna ncha ya shuka. Watu walimwita Mama Wambui, na mtoto ndiye Wambui.

"Unapeleka nyumbani?" nilimuuliza.

"Ya uji wa huyu tu. Sisi wengine tunakunywa ya mvua." Alinitazama vizuri, akanitambua. "Si ni wewe ulituambia? Ulisema hata kama ni mtoto mchanga, tumchotee hapa. Mimi natembea kutoka kule chini kwa hiyo maneno yako."

Nilikumbuka kusema. Nilikumbuka mpaka mkono nilioutumia kuonyesha mfereji.

Nilimshika mtungi. Nikamwambia asichote, kuna kitu kimeharibika, nikaomba na wengine waondoke. Nikafunga mfereji kwa waya wa kufungia kuku nilioupata jikoni, nikauzungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha nikakaa juu ya kreti ya soda na kumpigia meneja.

"Kesho tuma watu wabadilishe," alisema. "Weka makaa ya zamani humo humo, hakuna atakayejua. Usianze kutangaza. Ni muhula mmoja tu, Rukia. Mtu hafi kwa muhula mmoja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonitisha zaidi. Hakuna aliyeumwa tumbo. Hakuna aliyelala hospitali. Kosa letu lilikuwa limekaa kimya ndani ya ufizi wa watoto na lingeweza kukaa humo miaka.

Nikampigia Daktari Chebet. Nikamsomea namba zote.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu. Na nimepima ya pampu."

"Nakuja."

Alifika mchana, viatu vimejaa vumbi. Hakuiomba mita. Alienda kwenye pampu, akakinga maji kwa kiganja, akaonja, kisha akasugua vidole viwili pamoja, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Nilimwona uso ukibadilika.

"Magadi," alisema.

Hapo nikaelewa na mimi. Maji ya kisima kile yalijaa magadi. Ndiyo yaliyoivisha maharagwe na kuifanya sabuni iteleze. Punje zake nyeupe zilishika magadi kwa hamu ile ile ziliyoshikia floraidi, na magadi yalikuwa mengi zaidi kuliko floraidi. Nafasi yote ya uwanja wa mpira ilijaa katika wiki chache.

"Maabara tulitumia maji safi," alisema. "Tulitia floraidi peke yake. Mimi mwenyewe ndiyo nilitengeneza yale maji. Sikuweka magadi." Alirudia neno hilo la mwisho mara mbili, kisha akakaa chini penye matope na sketi yake nzuri. Nikakaa naye. Nilimwambia kwamba mimi niliishika sabuni ile kwa mikono yangu mwezi wa kwanza na nikacheka. Tulikaa pale hadi kengele mbili za shule zikalia.

Siku ya kufunga shule tuliomba dakika kumi kwenye mkutano wa wazazi. Meneja alikuwa amenikataza, safari hii kwa maandishi. Nilisimama hata hivyo. Nilieleza yote, bila neno gumu: kwamba chujio lilifanya kazi wiki chache tu, kwamba tulikosea kulijaribu, kwamba sikurudi kupima mapema kama nilivyopaswa, na kwamba watoto wakubwa haitawadhuru sana kwa muda ule, lakini wadogo chini ya miaka saba huenda meno yao yakaonyesha alama. Daktari Chebet alisimama kando yangu, akasema punje ni zake.

Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Walitazamana tu, halafu mmoja mmoja wakaanza kuwatazama watoto waliowabeba. Mzee mmoja alitoka nje na sikumwona akirudi. Mwisho akasimama Mama Wambui.

"Kama hungerudi kutuambia," aliuliza, "tungejua lini?"

"Meno yao makubwa yakianza kuota."

"Miaka ngapi?"

"Sita. Saba."

Aliitikia kwa kichwa, akakaa.

Wiki hiyo hiyo nilipewa barua ya onyo, ambayo ninayo bado. Tenki la mvua lilisuguliwa na kurudishwa nyuma ya darasa la nasari. Mimi nilisafiri hadi Elburgon kumweleza Mzee Barasa. Alisikiliza bila kunikatiza, mkononi ana kikombe cha chai, na nilitamani anikemee. Aliuliza tu kama tanuri bado liko. Jumatatu alishuka Nakuru na mfuko mmoja wa nguo, miguu imevimba, na akakaa nasi miezi miwili akilala kwa kijana wake.

Daktari Chebet alikuja kila siku ya likizo. Mzee alimpa nyundo na kumkalisha kuvunja mifupa. Wiki ya kwanza hakumsemesha. Wiki ya pili alimwita "daktari" bila dhihaka. Maji yote ya majaribio tuliyaleta kutoka Kabazi kwenyewe, mitungi kwa mitungi, na hatukukubali tone la maabara. Makaa peke yake yalistahimili magadi, lakini yalichoka upesi. Ndipo Chebet akatengeneza punje nyingine, za kalsiamu na fosfeti, zinazoyeyuka kidogo kidogo na kuyasaidia makaa kuishika floraidi na kuifanya iwe kama jiwe ndani yao. Makaa ya mzee na punje za Chebet, vikachanganywa pipa moja. Hilo ndilo mnaloliita mchanganyiko wetu, na mmelizoea kiasi kwamba mnadhani lilikuja na jengo.

Tulilifunga Kabazi muhula wa tatu. Nilienda kupima kila wiki, kisha kila mwezi, na sijaruka mwezi hata mmoja mpaka nilipostaafu. Mara ya kwanza hakuna aliyechota. Mara ya pili vilevile. Ilipita karibu mwaka ndipo nikakuta mtungi mmoja umewekwa chini ya mfereji, na mwenyewe akinitazama niisome mita kwanza. Mzee Barasa hakuuona mwaka huo ukiisha. Tulimzika kwao Magharibi, na Chebet alilia kuliko wanawe.

Wiki yangu ya kwanza ya kustaafu, Mama Wambui alinipigia simu. Alisema meno ya mbele ya Wambui yametoka, na kama nina nafasi niende niyaone. Sikulala vizuri. Nilienda.

Aliniandalia chai na viazi. Wambui aliitwa kutoka uwanjani, msichana mrefu wa miguu myembamba, akasimama katikati ya magoti yangu. Mama yake akamwambia afungue mdomo. Nilivaa miwani. Meno mawili mapya yalikuwa meupe, mazuri, na katika la kulia palikuwa na mistari miwili myembamba kama iliyochorwa kwa chaki, karibu na ncha. Nimeyatazama meno ya watoto wengi. Najua mistari ile ni ya umri gani: ni ya miezi ile ya uji.

"Ni kidogo," mama yake alisema. "Mtu hawezi hata kuona."

"Naiona," nilimwambia.

Wambui alifunga mdomo, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. "Ni huyu ndiyo alinichora?"

Mama Wambui alishtuka, akaanza kumgombeza. Nilimshika mkono anyamaze.

"Ndiyo," nilimwambia mtoto. "Ni mimi."

Alipitisha kidole kwenye jino lake, akafikiri.

"Haiumi," alisema, akarudi kucheza.